Mpira Uliomea Mlangoni mwa Jiko

Kabla sijaolewa Uzaramoni sikujua kwamba mpira unaliwa. Kwetu Tabora mpira ni wa kuchezea na wa magurudumu ya baiskeli, basi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofika ukweni, upande wa Kisarawe, nikapakuliwa wali na kisamvu laini kilichokolea nazi, nikauliza hiki ni kisamvu gani kitamu namna hii, na mama mkwe akanijibu "cha mpira", nilirudisha tonge kwenye sahani. Nilijua nimeanza kutaniwa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, hilo halihitaji kuelezwa, na mimi hasira zangu haziko mbali.

"Mama," nikasema, "mimi ni mgeni, lakini si mjinga."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Akaninyanyua pale mkekani, vidole vyangu vikiwa na nazi bado, akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mti mrefu, gome lake la rangi ya shaba linabanduka lenyewe vipande vyembamba, majani yake ya vidole kama ya muhogo lakini mapana zaidi. Akalikwaruza gome kwa ukucha. Utomvu mweupe ukachuruzika.

"Ndio huu mpira," akasema. "Mjerumani aliulima huku atengeneze matairi yake. Kaondoka, katuachia mboga."

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Alisema walipokuwa watoto walikuwa wanajipaka ule utomvu mikononi, wanauacha unakauka, wanaubandua na kuuviringa mpaka wapate mpira wa kuchezea. Mti ule aliupanda mwenyewe mwaka alipomwoa mama mkwe, kwa sababu bibi harusi alikuja na kinu kutoka kwao na hakukuta cha kutwanga. Aliyasema hayo bila kuinua uso, na mama mkwe akajifanya hakusikia.

Nikarudi mkekani nikala. Nikaongezwa, nikala tena.

Muda si mrefu ikaja zamu ya watu wa kule kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa tunakaa Kibaha, mimi nafundisha biolojia shule ya sekondari, mume wangu karani serikalini, kwa hiyo kuhama kwenyewe hatukukuona. Tulisimuliwa. Lori lilipakia mikeka, vyungu, kile kinu, kuku waliofungwa miguu, na milango miwili iliyong'olewa kwenye fremu zake. Mti haupandi lori. Baba mkwe alikata tawi la mpira, akalipunguza mpaka likawa fimbo, akakataa kupanda gari na akaenda kwa miguu na fimbo yake mkononi. Alipofika kwenye kiwanja walichopimiwa, kabla hata nguzo moja haijasimama, akaichomeka ardhini mahali aliposema ndipo utakapokuwa mlango wa jiko. Watu wakamcheka sana. Mzee huyu vipi, anaanza na mboga kabla ya nyumba! Lakini fimbo ikachipua, na wakati nyumba inaezekwa tayari ilikuwa na majani.

Baba mkwe alifariki mti ukiwa umempita kimo mara kadhaa.

Kwenye msiba ule ndipo nilipojua ugumu wa kuwa vitu viwili kwa wakati mmoja. Mkwe ana heshima, anajifunika, anaongea chini chini. Mtani hana adabu, na kwenye msiba ndiyo kazi yake: anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anajilaza njiani jeneza lisipite mpaka alipwe, anawasema wafiwa mpaka mtu anacheka huku machozi yanamtoka. Wanyamwezi wenzangu wawili watatu wa pale kijijini walikuwa wameshaanza. Mmoja kavaa kofia ya marehemu anaulizia ugoro. Mimi niliwashwa mwili mzima, kwa sababu nilimjua mzee kuliko wao na nilijua kumwigiza anavyokohoa kabla ya kusema jambo. Mama mkwe akaniita chumbani. Alikuwa amekaa sakafuni, kanga nyeupe, macho makavu.

"Leo wewe ni mkwe," akaniambia. "Utani wako uweke akiba."

Nikauweka. Sikufurahi, lakini nikauweka.

Baada ya eda yake mama mkwe alitoa amri moja tu: mti ule usiguswe na panga. Kuchuma, ruhusa, kwa vidole na kwa bismillahi. Lakini chuma kisipite kwenye kitu alichokipanda marehemu. Si mila ya ukoo, ni amri yake yeye, na kwenye nyumba ile ilikuwa na nguvu kuliko mila. Tawi likikaribia kutoboa makuti ya jiko, mume wangu alilifunga kamba na kulivuta pembeni kama mbuzi mkorofi.

Ilikuwa baada ya vita, miaka ile sabuni na sukari vikiwa habari ya kupashana, tulipokwenda likizo tukaukuta mti unaumwa. Mpira huvua majani wenyewe kiangazi ukavaa mapya mvua zikikaribia, kwa hiyo mwanzoni sikushtuka kuona matawi mengi wazi. Nilishtuka nilipokaribia. Majani machanga yalikuwa yamejikunja. Kwa chini yamepakwa kitu cheupe kama mtu kayapitishia mkono wenye unga. Mengine yalikuwa na madoa ya manjano, na yaliyozidiwa yalianguka yenyewe nikiwa nimesimama pale, bila upepo. Mama mkwe alisema hii ni mara ya tatu. Mti unatoa majani, unga unayashika, yanapukutika. Unajikongoja unatoa mengine, nayo yanashikwa.

"Lakini nauuguza," akasema, na akanionyesha anavyouuguza.

Alikuwa anapita tawi kwa tawi. Majani mazima, yale machache yaliyong'aa kijani, aliyachuma akayaweka kwenye ungo kwa ajili ya kinu. Yale yenye unga aliyaacha, na aliyaacha kwa upole, akilisogeza jani kwa nyuma ya vidole kama anayempisha mtu.

"Wagonjwa wapumzike," akasema. "Wazima ndio wachangie mboga."

Kila mwaka nilikuwa nasimama mbele ya darasa nachora jani ubaoni, nawaambia wanafunzi kwamba chakula chote cha mti kinapikwa pale, kwenye ile rangi ya kijani, kwa maji ya mizizi na hewa na mwanga wa jua. Siku hizi vitabu vinaita usanisinuru, sisi tulifundisha kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ni rahisi kusema jambo bila kulisikia. Pale uani ndipo nililisikia. Mama mkwe alikuwa anawaondoa wapishi wazima mmoja mmoja na kumwachia mti wapishi wagonjwa. Kwa huruma tupu, kwa mikono ya mapenzi, alikuwa anaufisha njaa.

"Mama," nikasema, "hayo mazima ndiyo yanayoulisha mti. Hayo yenye unga hayapiki kitu."

"Hayapiki?" Akanitazama. "Mti unapika? Mafiga yake yako wapi?"

Nikajaribu tena, nikajikuta namwaga maneno ya darasani, naye akanisikiliza kwa ile adabu ya mtu anayengoja umalize ili aendelee na kazi yake. Nikamaliza. Akaendelea. Mimi ni mkwe, ningesema nini? Nikamgeukia mwanawe. Mume wangu alikuwa anakunywa chai ya mchaichai isiyo na sukari.

"Mwache mama," akasema.

Nilimnunia mpaka Dar, nikamnunia tena kutoka Dar mpaka Kibaha.

Lakini nilikuwa nimebeba majani mawili ndani ya daftari tupu. Jumatatu, darasa lilipotoka, nikakwangua ule unga kidogo nikauweka chini ya hadubini. Nilitegemea kuona uchafu. Jamani! Niliona nyuzi, nyepesi, za kioo, zimetambaa kila upande, na juu ya nyuzi zimesimama shanga. Shanga kweli, zimepangwa moja juu ya moja, kila moja imejaa na inang'aa, na zile za juu zilikuwa zinajikata taratibu tayari kwenda na upepo. Kila shanga ni mbegu ya kuvu. Ikitua kwenye jani changa inaotesha uzi, uzi unapenyeza kijisindano kwenye ngozi ya jani, unanyonya. Hauli jani kwa meno, halitoboki. Unakaa juu yake, unakunywa kilichopikwa, unalizibia mwanga, na jani linapoteza ukijani wake kidogo kidogo mpaka halipiki tena. Nilikaa nimeinama pale mpaka shingo ikauma. Nilikichukia kitu kile, kinauua mti wa mama mkwe wangu, na bado nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikawa nasema subhanallah, peke yangu maabara, mtu mzima.

Hapo nikaamua kwamba maneno basi. Mama mkwe ni mtu wa kuona kwa macho.

Safari iliyofuata nilibeba kichupa cha iodini na kingine cha spiriti. Nilifika mchana, nikapiga shikamoo, nikaomba sufuria na moto. Niliomba ruhusa nikachuma jani moja zima na jani moja lenye unga, nikayatumbukiza yote mawili kwenye maji yanayochemka.

"We Mnyamwezi!" mama mkwe akapiga kelele. "Kisamvu hakichemshwi jani zima! Kinu hicho hapo hukioni?"

"Hiki si cha kula, mama."

"Si cha kula halafu unaniharibia kuni."

Nilipotoa kile kichupa cha spiriti akanusa hewa. "Hiyo pombe?" Nikamwambia ni dawa ya maabara, hainyweki. Hakuridhika. Akaenda ndani akarudi na kikombe cha bati kilichong'oka mkono, akanipa, akasema nikimaliza nikitupe mbali, na kwenye sufuria yake kisiingie. Basi nikaipua sufuria, nikaiweka mbali na moto, nikamwaga yale maji ya moto kwenye beseni kuukuu, nikatia spiriti na yale majani kwenye kile kikombe, nikakisimamisha humo ndani. Tukangoja. Spiriti ikaanza kugeuka kijani, na majani yakaanza kupauka.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. Taratibu akachuchumaa.

Kabla ya majani nilimwomba unga wa muhogo kidogo. Nikaweka kwenye kifuniko, nikadondoshea iodini. Ukawa mweusi wenye ubuluu, pale pale.

"Astaghfirullah!" Akaruka nyuma. "Umeuroga unga wangu!"

"Sijauroga. Dawa hii inautafuta wanga. Ikiukuta wanga inageuka nyeusi. Isipoukuta inabaki na rangi yake hii ya kahawia." Nikamdondoshea kwenye chumvi, ikabaki kahawia. Nikadondoshea juu ya jiwe la figa, kahawia. Akachukua mwenyewe punje ya wali wa jana, akaiweka mbele yangu kwa kidole, kama anayenitega. Nyeusi. Akaguna.

Ndipo nikayaosha yale majani, sasa meupe, laini, hayana rangi kabisa, nikayatandaza kwenye sahani. Nikaanza na lile zima. Matone machache tu. Weusi ulianzia kwenye kidole kimoja cha jani ukaenea, ukajaa, mpaka jani lote likawa limeiva weusi wa wino, vidole vyote, mpaka ncha.

Mimi mwenyewe, niliyelifanya jambo hili kila mwaka kwa wanafunzi, nilibaki nimeshika kichupa wazi. Sikuwahi kulifanya jikoni, karibu na kinu na unga wa kweli. Asubuhi ile jani lile lilikuwa limekaa juu mtini na jua tu, halina moto wala chungu, na mpaka mchana limejaza unga mwili mzima.

"Huo ni ugali wa mti?" akauliza, sauti ya chini.

"Ndio huo, mama. Wa leo. Usiku mti unaushusha chini kwenye shina na mizizi. Alfajiri jani liko tupu, jua likitoka unaanza tena."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nikadondoshea lile la pili. Weusi ukaja huku na huku, kipande hapa, kipande pale, na pote ulipokuwa umekaa ule unga mweupe pakabaki kahawia iliyopauka. Kidole kingine kizima hakikuwa na kitu. Lilikuwa jani lenye njaa, na njaa yake ilikuwa inaonekana kwa macho kama ramani.

Mama mkwe alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama ungo wake wa mboga uliokuwa kando ya kinu, umejaa majani mazima aliyoyachuma asubuhi. Akaweka kiganja mdomoni.

"Nimekuwa nampokonya chakula," akasema. "Mimi mwenyewe."

"Hukujua, mama."

"Nimekuwa nampokonya, na yeye ananipa tu." Machozi yakaanza kumtoka, yale ambayo kwenye msiba sikuyaona. Alilia kwa sauti, kwa kukunja mwili, nami nikakaa na sahani yangu sijui niiweke wapi. Sikuwa nimepanga kumliza mtu. Nililia na mimi.

Aliponyamaza akapangusa uso na upindo wa kanga akaniuliza kinachotakiwa. Nikamwambia: matawi yote yenye majani ya unga yaondolewe na yachomwe moto, shanga zile zisiende na upepo. Machache mazima yaachwe. Asichume hata moja mpaka mti ushibe.

"Kukata," akasema.

"Kukata, mama."

Nilidhani atanifukuza. Akanyoosha mkono wake wa kulia akautazama. "Nimekuelewa. Lakini huu mkono hauwezi. Na mwanangu usimwambie, wake hautaweza pia, ni damu yake." Akageuka akanitazama usoni, na nikaona kitu kinacheza pembeni mwa mdomo wake. "Ule utani wako niliokuambia uweke akiba. Bado unao?"

"Ninao."

"Basi leo wewe si mkwe wangu. Panga liko nyuma ya mlango. Mpagazi mkubwa we!"

Nikavua ukwe palepale. Nikafunga kanga kiunoni, nikachukua panga, nikasimama mbele ya ule mti nikakohoa. Kikohozi cha mzee, kile kile, kirefu, cha mtu anayetaka kusema jambo zito. Mama mkwe alishtuka kama kaguswa na moto. Nikaanza kuusema mti kwa sauti ya kijiji kizima: "Mzaramo mvivu we! Umekufa umeacha mboga inaumwa! Umekaa huko chini unapiga ngoma, mkeo huku anauguza majani! Nani alikutuma upande mti mlangoni mwa jiko, ulikuwa unanusia mchuzi?" Na kila nikisema napiga panga. Tawi likianguka namtukana tena. Utomvu ulikuwa unaniruka mikononi, unaganda. Majirani wakatoka, wengine wakashika vichwa, mkwe gani huyu, mpaka mmoja akakumbuka ninakotoka akasema, "Ah, kumbe mtani," wakaanza kucheka. Na mama mkwe, pale chini, alikuwa anacheka mpaka hana pumzi, analia, ananijibu matusi kwa niaba ya marehemu.

Tulichoma matawi pembeni ya shamba. Mti ukabaki fimbo na matawi manne matano, kwenye ncha kuna majani mazima ya kuhesabika.

Kicheko kilipoisha hofu ikaingia. Sikuisema, lakini ninaisema sasa: niliogopa vibaya. Mti ule ukifa, mimi ndiye Mnyamwezi niliyeuua. Hakuna ambaye angesema ni kuvu. Mume wangu aliposikia hakununa, aliuliza tu, "Umekata mangapi?" na akaenda kukaa nje. Kibaha nilifundisha bila raha. Mtu akifika kutoka Kisarawe naogopa kumsalimu. Wanafunzi waliniuliza kwa nini mwaka huo nililirudia somo la jani, nikawajibu kwa ukali kwamba mtihani hauko mbali.

Tulirudi mvua zilipokuwa zimeshika. Nilimwacha mume wangu nyuma na mizigo nikatangulia, nikazunguka nyumba moja kwa moja hata hodi sikupiga. Mpira ulikuwa umechipua pote nilipoukata. Kila kisiki cha tawi kimetoa machipukizi matatu manne, majani yamefunguka viganja vizima, kijani cha kung'aa. Nikayageuza chini, moja baada ya jingine. Safi. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba ni panga langu. Pengine mvua zile kubwa ziliosha kuvu, pengine msimu wake ulikwisha. Lakini nilijua kitu kimoja: majani yale machache niliyoyaacha yalikuwa yamepika kwa ajili ya hayo yote, siku hadi siku, kimya, kwa jua tu. Niliweka paji la uso kwenye shina nikasema alhamdulillahi.

"Shikamoo huiwezi siku hizi?" Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hatujala kisamvu tangu ulipoondoka. Majirani wanatuletea mchicha kama wafungwa."

Akaja akasimama kando yangu. Aliniambia kuna jambo limekuwa likimsumbua. Nilimweleza kwamba majani ni ya mwaka huu tu, na unga wake ni wa leo, na unashuka kwenye shina na kulijenga. Sasa basi. Kama mti wote umejengwa na majani, na majani yanakuja na kwenda, ile fimbo ya mzee imekwenda wapi? Imeisha?

Hilo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Ilibidi nifikiri. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kisiki cha tawi moja nene nililolikata, nikamwonyesha katikati: moyo mdogo, na kuuzunguka mbao changa, duara juu ya duara.

"Mti haukui kwa kusukuma cha zamani, mama. Unakijengea kwa nje. Kile cha kwanza kinabaki ndani pale pale kilipokuwa." Nikaweka kiganja kwenye shina, kwenye kimo cha bakora. "Fimbo yake imo humu. Hii hii aliyokuja nayo. Haijasogea."

Mama mkwe alisogea karibu. Alilizungushia shina mikono yote miwili, akaweka shavu. Alikaa hivyo mpaka mume wangu akafika na mizigo, akasimama, akaona, akarudi mbele ya nyumba.

Siku ya kuondoka nilimtania kwamba mtani akifanya kazi hulipwa, nami sijalipwa hata ugoro. Nilitegemea tusi. Yeye akaingia ndani, akatoka na panga. Akasimama chini ya mpira, akasema bismillahi, akachagua tawi nyoofu, akalikata. Pigo moja. Mkono ule ule wa kulia. Akalipunguza majani, akalipima na kimo changu mpaka kwenye nyonga, akanikabidhi.

"Malipo yako. Tembea nayo."

Nilitembea nayo kwenye mabasi mpaka Kibaha, watu wananiuliza kama nimeumia mguu. Nikaichomeka mlangoni mwa jiko.

Mama mkwe tulimzika miaka ya baadaye, na siku hiyo hakuna aliyeniambia niweke chochote akiba. Nilimwigiza anavyopiga kelele kuhusu kuni zake, na mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tuliporudi nyumbani Kibaha alikwenda moja kwa moja uani, akaupapasa mpira kwenye kimo cha bakora, akaniuliza kama ni hapa. Nikamwambia ndiyo, imo hapo, ile fimbo mama aliyoikata kwa mkono wake.